Namba 523,776 hatua kwa hatua: mwongozo kamili wa kuichunguza namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Namba 523,776 ina vigawo 80. Ukivijumlisha vyote unapata namba hiyohiyo mara tatu kamili, haizidi wala haipungui hata moja. Namba zenye tabia hii zinazojulikana mpaka leo ni sita tu, na hii ni ya tatu ukianzia iliyo ndogo. Huhitaji kompyuta kulithibitisha hilo. Kuzidisha na kugawanya kwa shule ya msingi kunatosha, mradi ufuate mpangilio.

Na mpangilio ndio kiini cha mwongozo huu. Wengi wakipewa namba kubwa huanza kutafuta vigawo kimoja kimoja, 1, 2, 3, 4, na wakifika hamsini wamechoka na hawajui wameruka kipi. Mimi nashikilia kanuni moja: ivunje namba kwanza mpaka vibaki vigawo tasa vitupu. Baada ya hapo, karibu kila swali utakaloulizwa kuihusu linajibika kwa mistari miwili mitatu. Nimeichagua 523,776 kwa sababu kila hatua ina jambo la kuonyesha, lakini njia ni ileile kwa namba yoyote uliyonayo.

Tukubaliane kwanza kuhusu istilahi. Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawa bila kuacha baki: vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Kigawo tasa ni kigawo ambacho chenyewe ni namba tasa. Kipeo kinaonyesha namba imetumika mara ngapi katika kuzidisha, kwa hiyo 2³ ni 2 × 2 × 2. Zao lenyewe, hapa 8, nalo nitaliita kipeo cha 2.

Hatua ya 1: Pima ukubwa wake

Tafuta kipeuo cha pili kwa kukadiria. 723 × 723 ni 522,729; 724 × 724 ni 524,176. Namba yetu imeangukia katikati, kwa hiyo si mraba wa namba nzima yoyote. Jaribu kipeuo cha tatu pia: 80³ ni 512,000 na 81³ ni 531,441, basi si mchemraba.

Umuhimu wa 723 ni huu. Vigawo huenda kwa jozi, na vyote viwili katika jozi haviwezi kuzidi kipeuo cha pili, maana zao lao lingeipita namba yenyewe. Kwa hiyo namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Ukijaribu namba tasa zote mpaka 723 bila kupata kitu, una haki ya kutangaza kwamba namba yako ni tasa. Kila unapofanikiwa kugawanya, kikomo hicho kinashuka.

Hatua ya 2: Majaribio ya haraka ya kugawanyika

Tarakimu ya mwisho ni 6, basi ni namba shufwa na 5 haimo. Tarakimu mbili za mwisho, 76, zinagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho, 776, zinagawanyika kwa 8 (8 × 97). Nne za mwisho, 3,776, zinagawanyika kwa 16 (16 × 236). Ukiona 2 inaendelea kukubali namna hii, acha majaribio, subiri hatua inayofuata ambapo tutagawanya kwelikweli.

Jumla ya tarakimu: 5 + 2 + 3 + 7 + 7 + 6 = 30. Kwa kuwa 30 inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, namba yetu nayo ni hivyohivyo. Kwa maneno mengine, 3 imo ndani mara moja tu.

Sasa kuna mbinu ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue, kwa sababu inajibu maswali matatu kwa kutoa mara moja. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kata namba yako katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa fungu la kushoto kutoka la kulia: 776 − 523 = 253. Baki ya 523,776 ukiigawa kwa 7, kwa 11 au kwa 13 ni sawa na baki ya 253, maana elfu moja ni 1,001 pungufu ya moja. Na 253 ni 11 × 23. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 6. Basi 11 imo, 7 na 13 hazimo. Namba ikiwa na mafungu zaidi ya mawili, toa na jumlisha kwa zamu: fungu la kwanza kutoka kulia, toa la pili, ongeza la tatu, na kuendelea.

Hatua ya 3: Ivunje katika vigawo tasa

Anza na 2 na uendelee kugawanya kwa nusu mpaka ipatikane namba witiri:

523,776 → 261,888 → 130,944 → 65,472 → 32,736 → 16,368 → 8,184 → 4,092 → 2,046 → 1,023

Hesabu mishale: ni tisa. Basi 2⁹, yaani 512, imetoka, na imebaki 1,023. Kikomo chetu cha 723 kimeporomoka mpaka 31, kwa sababu 32 × 32 ni 1,024, moja juu ya namba iliyobaki.

Gawanya 1,023 kwa 3, unapata 341. Hapa simama kidogo, maana 341 ni mahali ambapo wengi huteleza. Haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7, na kwa macho inaonekana tasa kabisa. Imewahi kuharibu hata kipimo cha wanahisabati. Pierre de Fermat aligundua katika karne ya 17 kwamba ukichukua namba tasa p isiyo 2, ukaipandisha 2 kwa kipeo cha p − 1, kisha ukagawa kwa p, baki ni 1 daima. Ikawa rahisi kuamini kwamba na kinyume chake ni kweli: kwamba namba inayopita mtihani huu lazima iwe tasa. Mwaka 1819 Pierre Frédéric Sarrus alionyesha kwamba 341 inapita. Unaweza kuliona mwenyewe: 2¹⁰ ni 1,024, na 1,024 ni 3 × 341 na baki 1. Kwa kuwa 2³⁴⁰ ni 2¹⁰ iliyozidishwa kwa yenyewe mara 34, baki yake inaendelea kuwa 1. Na bado 341 si tasa. Ndiyo namba ndogo kuliko zote zinazoudanganya mtihani huo kwa kutumia 2.

Tunaivunjaje basi? Jaribio la 11 lilikwisha kutuonyesha njia: 341 ÷ 11 = 31. Lakini tuseme hukulifanya. Kuna njia nyingine ya Fermat, ya tofauti ya miraba miwili, na inafaa sana namba inapokuwa na vigawo viwili visivyo mbali mno. Anza na mraba wa kwanza unaoizidi 341, utoe 341, uone kama kilichobaki ni mraba:

19² − 341 = 361 − 341 = 20, si mraba.
20² − 341 = 400 − 341 = 59, si mraba.
21² − 341 = 441 − 341 = 100, na 100 ni 10².

Basi 341 = 21² − 10² = (21 − 10)(21 + 10) = 11 × 31. Hatua tatu tu. Njia hiyohiyo ingeivunja 1,023 kwa pigo moja, kwa sababu 1,023 = 32² − 1² = 31 × 33.

Matokeo kamili:

523,776 = 2⁹ × 3 × 11 × 31

Usiendelee kabla ya kuzidisha kurudi nyuma. 3 × 11 × 31 = 1,023; 512 × 1,023 = 512,000 + 11,776 = 523,776. Imetimia. Kosa dogo hapa litaharibu kila kitu kinachofuata, na hutaliona mpaka mwisho.

Hatua ya 4: Hesabu vigawo bila kuviorodhesha

Kila kigawo cha namba yetu kinajengwa kwa kuchukua kiasi fulani cha 2 (kuanzia sifuri mpaka tisa, njia 10), kuichukua 3 au kuiacha (njia 2), kuichukua 11 au kuiacha (njia 2), kuichukua 31 au kuiacha (njia 2). Zidisha: 10 × 2 × 2 × 2 = 80. Kanuni ya jumla: ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha.

Ukitaka kuviona vyote, chora jedwali la safu mlalo 8 na safu wima 10. Upande wa kushoto weka vigawo witiri: 1, 3, 11, 31, 33, 93, 341 na 1,023. Juu weka 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Kila kisanduku ni zao la mwanzo wa safu na kichwa cha safu. Safu wima ya kwanza ndiyo yenye witiri wote 8. Vigawo vingine 72 ni shufwa.

Jozi ni 40, na inayokaribia zaidi kipeuo cha pili ni 704 × 744. Huo ndio mstatili ulio karibu kabisa na mraba unaoweza kuupanga kwa vitu 523,776.

Hatua ya 5: Jumlisha vigawo

Kazi ya kujumlisha namba 80 moja moja haina sababu. Zidisha tu mabano haya manne:

(1 + 2 + 4 + … + 512) × (1 + 3) × (1 + 11) × (1 + 31)

Ukiyafungua mabano hayo, kila kigawo kinatokea mara moja na mara moja tu, kwa sababu kufungua mabano ni kuchagua kitu kimoja kutoka kila bano, na hivyo ndivyo tulivyojenga vigawo katika hatua ya 4. Bano la kwanza lina mkato wake: jumla ya vipeo vya 2 kuanzia 1 mpaka 512 ni kipeo kinachofuata toa moja, yaani 1,024 − 1 = 1,023.

1,023 × 4 = 4,092
4,092 × 12 = 49,104
49,104 × 32 = 1,571,328

Gawa kwa 523,776: jibu ni 3, baki sifuri. Ukiiondoa namba yenyewe kwenye jumla, vigawo 79 vilivyobaki vinafika 1,047,552, mara mbili ya namba.

Kama kigawo tasa kina kipeo kikubwa kuliko 1, bano lake linarefuka. Kwa 3², kwa mfano, ni 1 + 3 + 9. Kusahau hili ni kosa la kawaida sana.

Hatua ya 6: Ipange katika kundi lake

Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, aligawa namba katika makundi matatu kwa kulinganisha namba na jumla ya vigawo vyake bila yenyewe. Jumla ikipungua, namba ni pungufu: 8 ina 1 + 2 + 4 = 7. Ikizidi, namba ina ziada: 12 ina 1 + 2 + 3 + 4 + 6 = 16. Ikilingana, namba ni kamilifu: 6 = 1 + 2 + 3. Alizijua nne za kundi hilo la mwisho: 6, 28, 496 na 8,128.

Karibu miaka mia nne kabla yake Euclid alikwisha kutoa mtambo wa kuzitengeneza, katika kitabu cha tisa cha kazi yake ya jiometri na namba. Chukua 2ⁿ − 1. Ikiwa ni tasa, izidishe kwa kipeo cha 2 kilicho nyuma yake hatua moja, 2ⁿ⁻¹, nawe umepata namba kamilifu. Kwa n = 2 ni 2 × 3 = 6. Kwa n = 3 ni 4 × 7 = 28. Kwa n = 5 ni 16 × 31 = 496. Kwa n = 7 ni 64 × 127 = 8,128. Karne ya 18 Leonhard Euler akathibitisha kwamba hakuna namba kamilifu shufwa nje ya mtambo huo.

Sasa rudi kwenye namba yetu uitazame upya. 523,776 ni 512 × 1,023. Yaani 2⁹ × (2¹⁰ − 1). Ni umbo la Euclid lilelile, n ikiwa 10! Imevaa vazi la namba kamilifu, ila 1,023 si tasa, na sharti la Euclid limevunjika. Ungetegemea kwamba sharti likivunjika hakuna kitu cha maana kitakachotokea. Badala yake jumla ya vigawo imefika mara tatu kamili.

Tuone kwa nini. Bano la 2 linatoa 1,023, ambayo tayari ni sehemu ya namba. Kwa hiyo swali zima linabaki kwenye vigawo vya 1,023: jumla yake ni 4 × 12 × 32 = 1,536, na 1,536 ni 3 × 512. Basi jumla yote ni 1,023 × 3 × 512. Siri iko ndani ya zile namba tasa tatu. Ongeza 1 kwa 3, unapata 4, kipeo cha 2. Ongeza 1 kwa 31, unapata 32, kipeo cha 2. Ongeza 1 kwa 11, unapata 12, ambayo ni 4 × 3: vipeo vya 2 na ile 3 moja inayobaki nje. Hiyo 3 ndiyo inayoifanya namba kuwa mara tatu.

Wala usidhani kila n shufwa inafanya hivi. n = 4 inafanya: 8 × 15 = 120, na jumla ya vigawo vya 120 ni 360. n = 6 inatoa 32 × 63 = 2,016, lakini 63 ina 3² ndani yake, na jumla inafika 6,552, mara tatu na robo. n = 8 inatoa 32,640, nayo inapita mara tatu kwa zaidi ya theluthi. n = 10 ndipo inarudi sawasawa.

Historia ya namba hizi za mara tatu ni ya barua. Mwaka 1631 Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyeunganisha wanahisabati wengi wa Ulaya kwa barua zake, alimtaka René Descartes atafute namba nyingine yenye tabia ya 120. Fermat akapata 672 miaka michache baadaye. Mwaka 1638 André Jumeau, mkuu wa nyumba ya watawa ya Sainte-Croix, akaileta 523,776, na mwaka huohuo Descartes akajibu kwa 1,476,304,896. Mpaka leo orodha ni hii: 120, 672, 523,776, 459,818,240, 1,476,304,896, na 51,001,180,160. Hakuna aliyeonyesha ya saba, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kuna uhusiano mmoja unaolifanya swali hilo kuwa zito. Ikiwa kuna namba kamilifu iliyo witiri, mara mbili yake itakuwa na jumla ya vigawo mara tatu, na itaingia kwenye orodha hii. Kutafuta namba kamilifu witiri ni fumbo ambalo halijatatuliwa tangu enzi za Wagiriki. Pascal Ochem na Michaël Rao walionyesha mwaka 2012 kwamba kama ipo, ni kubwa kuliko 10¹⁵⁰⁰, yaani ina tarakimu zaidi ya elfu moja na mia tano.

Tusiwasahau waliokuwa katikati. Thabit ibn Qurra, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alitumia jumla za vigawo kutoa kanuni ya jozi kama 220 na 284, ambapo vigawo vya kila moja bila yenyewe vinajumlika kuwa nyenzake. Kamal al-Din al-Farisi akairudia kanuni hiyo mwanzoni mwa karne ya 14, na ili kuithibitisha akaanza kwa kuivunja namba katika vigawo tasa na kuhesabu njia za kuviunganisha. Ndiyo hatua yetu ya 3 na ya 4, zikiandikwa kwa Kiarabu karne tatu kabla ya barua za Mersenne.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu umbo

Namba pembetatu ni ile unayoipata kwa kujumlisha 1 + 2 + 3 na kuendelea: 1, 3, 6, 10, 15. Kipimo chake: zidisha namba kwa 8, ongeza 1, uone kama umepata mraba. 8 × 523,776 + 1 = 4,190,209, ambayo ni 2,047². Basi ni pembetatu. Toa 1 kwenye 2,047 na ugawe kwa 2: ngazi zake ni 1,023. Kwa hiyo 523,776 ni jumla ya namba zote kuanzia 1 mpaka 1,023. Ungeweza kuliona hilo mapema, maana 512 × 1,023 ni 1,023 × 1,024 ÷ 2. Kila namba ya umbo la Euclid, kamilifu au la, ni pembetatu kwa sababu hiyohiyo.

Jumla za namba zinazofuatana zina kanuni nzuri: idadi ya njia za kuiandika namba kama jumla ya namba hivyo, ukihesabu na ile ya namba kusimama peke yake, ni sawa na idadi ya vigawo witiri. Hapa ni 8. Kwa kigawo 3, chukua theluthi ya namba, 174,592, uiweke katikati: 174,591 + 174,592 + 174,593.

Je, ni jumla ya miraba miwili? Kanuni inasema: angalia vigawo tasa ambavyo vikigawanywa kwa 4 vinabaki 3. Kila kimoja lazima kiwe na kipeo shufwa. Kwetu 3, 11 na 31 vyote vinabaki 3, na kila kimoja kimetokea mara moja tu. Jibu ni hapana.

Miraba mitatu? Toa vipeo vya 4 kadiri iwezekanavyo: 523,776 = 4⁴ × 2,046. Gawa 2,046 kwa 8, baki ni 6. Ingebaki 7 isingewezekana. Imebaki 6, basi inawezekana. Kuitafuta, anza na mraba mkubwa ndani ya 2,046. 45² inaacha 21, haifai. 44² inaacha 110, haifai. 43² inaacha 197, ambayo ni 14² + 1². Zidisha kila mmoja kwa 16 (kwa sababu 16² ni 4⁴): 688² + 224² + 16² = 473,344 + 50,176 + 256 = 523,776.

Hatua ya 8: Hesabu zisizoshiriki nayo kigawo

Kati ya 1 na 523,776, ni namba ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1? Kwa kila kigawo tasa toa sehemu yake: bakiza nusu (kwa 2), kisha theluthi mbili (kwa 3), kisha 10/11, kisha 30/31.

523,776 → 261,888 → 174,592 → 158,720 → 153,600

Hesabu hii ya Euler ndiyo iliyo ndani ya RSA, mfumo wa kuficha ujumbe uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Usalama wake unategemea kwamba hatua ya 3 inakuwa ngumu kupita kiasi namba ikiwa zao la namba tasa mbili kubwa mno. Namba ya majaribio yenye tarakimu 250 ilivunjwa Februari 2020, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi kwa pamoja.

Hatua ya 9: Tarakimu zake

Katika mfumo wa msingi wa mbili, unaotumia tarakimu 0 na 1 tu, 523,776 inaandikwa 1111111111000000000: moja kumi, sifuri tisa. Ni 2¹⁹ − 2⁹, yaani 524,288 − 512. Katika msingi wa kumi na sita, ambamo E ni 14 na F ni 15, ni 7FE00.

Sifa za tarakimu za msingi wa kumi zipo pia. Jumla yake ni 30, na namba haigawanyiki kwa 30 kwa kuwa haina 5. Ukiisoma kinyumenyume unapata 677,325, namba nyingine kabisa. Siweki uzito mkubwa hapa. Sifa hizi zinatokana na sisi kuhesabu kwa kumi. Ukibadilisha msingi zinabadilika, ilhali vigawo 80 vinabaki 80.

Hatua ya 10: Hakiki kwa mashine, kisha jaribu namba yako

Kwenye kompyuta yenye Linux andika amri `factor 523776`, nayo itakujibu 2 mara tisa, 3, 11 na 31. Programu ya bure ya PARI/GP itakupa jumla ya vigawo kwa `sigma(523776)` na idadi yake kwa `numdiv(523776)`. Katika ensaiklopidia ya mifuatano ya namba aliyoianzisha Neil Sloane mwaka 1964, orodha ya namba hizi sita iko chini ya A005820. Tahadhari moja: Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi hugeuzwa sifuri bila kukuonya, kwa hiyo usiitumie kwa namba ndefu kuliko hapo.

Zoezi ninalopendekeza ni namba ya Descartes, 1,476,304,896. Gawanya kwa 2 mara 13, utabaki na 180,213. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 15, basi toa 3, upate 60,071. Tumia mbinu ya 1,001: 71 − 60 = 11, kwa hiyo 11 imo, na inabaki 5,461. Hii ya mwisho nayo ni mdanganyifu kama 341: inapita mtihani wa Fermat kwa 2 ilhali si tasa. Ivunje mwenyewe, kwa kujaribu namba tasa zisizozidi 73 au kwa tofauti ya miraba. Ukimaliza, idadi ya vigawo iwe 224 na jumla yake iwe 4,428,914,688.